Krediti 22 au 26: kwa wazazi na vijana wapya katika haiskuli za Texas

Familia nyingi zinazotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, au moja kwa moja Kongo, hufika Texas zikiwa na kijana wa miaka 15, 16 au 17, na baada ya muda mfupi kijana yuko haiskuli. Basi linamchukua asubuhi, linamrudisha mchana, na nyumbani watu wanamshukuru Mungu kwamba mtoto anasoma. Kule tulikotoka unapanda darasa kwa darasa, kisha unafanya mtihani mmoja mkubwa, uwe Exetat wa Kongo, Kidato cha Nne wa Tanzania au KCSE wa Kenya, na huo ndio unaoamua. Texas haiendi hivyo. Hapa mtoto anakusanya krediti, kozi moja moja, tangu siku ya kwanza ya darasa la 9. Anaweza kufikisha miaka 19 akiwa amekwenda shule kila siku na bado krediti za kumalizia hazijatimia. Anaweza pia kumaliza vizuri, akavaa joho, familia ikapiga vigelegele, ndipo ikagundulika kwamba sifa za chuo kikuu alichokitaka zilimponyoka tangu darasa la 10.

Nimewatafsiria wazazi katika vikao vingi vya shule. Haya ndiyo ningependa kila familia iwe imeyasikia kabla ya kukutana na kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, kwa mara ya kwanza.

Tuanze na hesabu. Kozi ya mwaka mzima ni krediti 1, ya muhula mmoja ni nusu. Ili uipate lazima ufikishe 70 kwa 100. Mpango wa msingi wa jimbo unadai krediti 22: Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 3, masomo ya jamii 3, lugha isiyo Kiingereza 2, sanaa 1, michezo 1, na kozi za kuchagua 5. Wilaya ya shule inaweza kuongeza ya kwake juu ya hapo. Pamoja na krediti kuna mitihani mitano ya jimbo, inayoitwa STAAR, inayofanywa mwisho wa kozi: Aljebra I, Biolojia, Kiingereza I, Kiingereza II na Historia ya Marekani. Ukishindwa unarudia. Mwanafunzi wa darasa la 12 aliyebakiza mitihani isiyozidi miwili anaweza kujadiliwa na kamati ya shule, na kamati ikaridhia ahitimu. Mfumo huu wa mitihani umeshapitishiwa sheria ya kuubadilisha kuanzia mwaka wa masomo 2027–2028, kwa hiyo anayeanza sasa amuulize kaunsela ni mitihani ipi itakayomhusu yeye.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watoto wetu wanapopotelea. Krediti 22 zinatosha kumaliza shule. Lakini mwanafunzi wa Texas anapoingia darasa la 9 anatakiwa aandike mwelekeo anaoutaka, unaoitwa endosimenti: sayansi na hisabati, biashara na viwanda, huduma kwa umma, sanaa na taaluma za utu, au mchanganyiko. Akiwa na endosimenti anamaliza na krediti 26, ambamo hisabati inakuwa 4 na sayansi 4. Na hisabati hizo nne zikiwa na Aljebra II ndani yake, anapata ngazi ya juu zaidi ya kuhitimu. Ngazi hiyo ina thamani kubwa. Sheria ya jimbo ya mwaka 1997 inawapa wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya Texas, ingawa University of Texas at Austin huchukua asilimia ndogo zaidi kwa sababu ya wingi wa waombaji. Asiyeifikia ngazi hiyo kwa kawaida haingii kwa njia hiyo, hata kama alama zake za darasani zimewapita wenzake wote, isipokuwa awe amefikisha alama zinazotakiwa kwenye mtihani wa SAT au ACT wa kuingilia chuo.

Baada ya darasa la 10, mwanafunzi anaruhusiwa kuacha endosimenti na kurudi kwenye krediti 22. Masharti ni mawili: kaunsela aeleze faida za endosimenti, na mzazi atoe idhini kwa maandishi. Yaani sahihi yako, baba. Sahihi yako, mama.

Kikao chenyewe huwa hivi. Chumba kidogo, kompyuta, kaunsela mpole anayetabasamu. Ana wanafunzi mamia wa kuwashughulikia, na anaona mtoto wako bado anahangaika na Kiingereza, hivyo kwa nia njema kabisa anapendekeza njia nyepesi. Karatasi inasogezwa mezani. Mtoto ndiye anayetafsiri, na yeye mwenyewe amechoka na Aljebra, kwa hiyo anasema, “Mama, ni karatasi ya kumaliza shule tu, weka sahihi.” Sisi tumelelewa kwamba mwalimu akikupa karatasi unaitia sahihi, kumhoji ni utovu wa adabu. Hapa kuhoji ni sehemu ya kazi ya mzazi, na kaunsela mzuri anafurahi ukihoji. Sema hivi: “Nitaichukua nyumbani niisome.” Kisha uliza: “Mtoto wangu akiacha hii, ni vyuo gani hataweza kuingia?” Usikubali mtoto awe mkalimani wa jambo linalomhusu mwenyewe. Shule za umma zinabanwa na sheria ya nchi kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani wa Kiswahili anaweza kupatikana hata kwa simu. Omba siku chache kabla, usingoje mpaka umekaa mezani.

Je, 22 ni mbaya kila mara? Hapana. Kijana aliyefika ana miaka 18, hana krediti hata moja inayotambuliwa, na nyumbani kuna wadogo wanaomtegemea, huyo mpango mfupi unaweza kumfaa kuliko yote. Akimaliza anaanzia chuo cha jamii (community college), na kutoka huko wapo wengi wanaohamia chuo kikuu. Ninalolipinga ni mtoto aliyefika akiwa na miaka 14, mwenye muda wa kutosha, kuwekwa kwenye njia hiyo kwa sababu tu anazungumza taratibu.

Lingine ni karatasi za nyuma. Watu wengi wanadhani buletini ya Kongo, ripoti ya Uganda au cheti cha Kenya ni takataka huku. Si kweli. Kanuni za jimbo zinaitaka wilaya ichunguze rekodi za mwanafunzi aliyetoka nje ya nchi na kumpanga katika madarasa yanayomfaa bila kuchelewa. Peleka kila ulichonacho, hata picha iliyoko kwenye simu ya mjomba aliyebaki kambini. Kijana aliyefika mwaka wa pili wa humanité, yaani sekondari ya juu ya Kongo, ameshafanya milinganyo, ameshasoma kemia. Akianzishwa upya Aljebra I kwa sababu hakuna aliyeuliza, amepoteza mwaka, na hisabati inakwenda kwa ngazi: Aljebra I, jiometria, Aljebra II, ndipo za juu zaidi. Aliyechelewa chini anachelewa hadi juu.

Na kama karatasi ziliungua au ziliachwa njiani? Upo mtihani wa kupatia krediti. Kwa somo ambalo hukuwahi kufundishwa unatakiwa upate 80 kwa 100. Kwa somo ulilokwisha kufundishwa ni 70. Muulize kaunsela mtihani huo unafanyika lini, maana huwa una tarehe zake.

Zile krediti 2 za lugha ndizo zinazoniuma zaidi. Mtoto anayezungumza Kiswahili, Kifaransa na Kibembe anawekwa Kihispania I kwa kuwa ndilo darasa lililokuwa na nafasi. Anahangaika na lugha ya tano, ukihesabu na Kiingereza, ilhali anazo tayari lugha mbili zenye mitihani inayotambuliwa. Kifaransa kina mtihani wa AP, ule wa kiwango cha chuo unaofanywa haiskuli. Kiswahili nacho kina mitihani ya kupima uwezo ambayo baadhi ya wilaya zinaikubali. Uliza kwa jina: “Anaweza kupata krediti za lugha kwa mtihani wa Kiswahili au Kifaransa?” Wakijibu ndiyo, umemwachia mtoto nafasi mbili kwenye ratiba, aziweke kwenye sayansi au kwenye kozi ya ufundi inayotoa cheti cha kazi. Lakini ajiandae kuandika. Watoto wengi waliokulia kambini wanaongea Kiswahili safi na hawajawahi kuandika insha kwa Kiswahili. Mkalishe aandike barua kwa bibi, kila wiki.

Kuhusu Kiingereza chenyewe, msiogope madarasa ya wageni. Kozi mbili za mwanzo za Kiingereza kwa wanaozungumza lugha nyingine zinaweza kuhesabika badala ya Kiingereza I na II, kwa hiyo si muda unaopotea. Hakikisha tu kwamba ndizo zilizoandikwa, na si kozi ya kuchagua yenye jina linalofanana.

Mahudhurio. Texas hainyimi krediti kwa alama peke yake. Mwanafunzi anatakiwa awepo angalau asilimia 90 ya siku za darasa, la sivyo anaweza kufaulu kozi na krediti isitolewe mpaka apite mbele ya kamati au afidie muda. Nani anakosa siku hizo? Ni yule binti mkubwa anayempeleka mama kliniki kutafsiri, leo hospitali, kesho ofisi ya chakula. Ndugu zangu, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani bila malipo. Dai haki hiyo, mwache binti darasani. Na yule kijana anayefanya kazi ghalani hadi usiku wa manane analala kipindi cha kwanza, na kipindi hicho mara nyingi kina kozi ya lazima. Kama kazi haiepukiki, aombe kozi ya lazima ihamishiwe mchana.

Umri nao una maneno. Anayetimiza masharti ya makazi na ambaye hajafikisha miaka 21 tarehe 1 Septemba ana haki ya kusoma shule ya umma mwaka huo. Mtu akimwambia kijana wa miaka 18 kwamba amezeeka, akafanye GED, yaani mtihani wa cheti kinacholingana na cha haiskuli, hiyo ni njia mojawapo, si amri. Wale walioandikiwa tarehe 1 Januari kwenye hati za ukimbizi, na mko wengi, hesabuni kwa tarehe hiyo iliyo kwenye hati, kwa sababu ndiyo shule inayoiona.

Kwa mliofika mapema na mnaokwenda vizuri, kuanzia darasa la 11, wakati mwingine hata kabla, ulizeni kozi za krediti mbili, zile zinazohesabiwa haiskuli na chuoni kwa pamoja. Tangu 2023 Texas ina mpango unaoitwa FAST unaowasomesha bure kozi hizo wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, katika vyuo vilivyojiunga nao.

Mwisho wa kila muhula, kijana aombe ofisini transkripti yake, yaani orodha rasmi ya kozi, alama na krediti zake, aiprinti, akae na mzazi mezani na kalamu. Hesabuni safu kwa safu: Kiingereza ngapi, hisabati ngapi, sayansi ngapi, ipi imeandikwa sifuri. Kozi iliyoanguka muhula wa kwanza wa darasa la 9 inafidiwa kiangazi hichohicho. Ikigunduliwa Februari ya darasa la 12, inapigania nafasi na kozi nyingine zote. Fanyeni hesabu hiyo kabla fomu za kuchagua kozi za mwaka unaofuata hazijatolewa, ambazo shule nyingi huzitoa mwanzoni mwa mwaka, Januari au Februari.