Nuru haihitaji mtandao shambani
Je, Nuru, programu ya simu ya kukagua mimea, inahitaji intaneti ukiwa shambani? Hapana, hutambua magonjwa ya mimea bila intaneti, kwa sababu mfumo wake wa akili bandia, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani kwa kushirikiana na IITA (Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki), hukaa ndani ya simu yenyewe, hivyo bando linahitajika hasa wakati wa kuipakua. Huku Usa River, Arusha, tunaitumia kwenye mahindi: unaelekeza kamera kwenye jani lililotobolewa, nayo inakueleza iwapo ni viwavijeshi vamizi. Kwenye muhogo usiridhike na jani moja, kwani waliopima programu hiyo waliona usahihi wake unaongezeka majani sita ya shina lilelile yanapokaguliwa, na kabla ya kununua dawa mwite bwana shamba athibitishe.