Hesabu "hazipandi": je, imani hii hubadilika ukubwani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, naendesha duka la vifaa vya ujenzi. Kidato cha nne nilipata F ya hesabu, na sasa nataka kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ili nisomee uhasibu. Kila nikifungua kitabu moyo unanienda mbio, najisemea mimi na hesabu hatuivi chungu kimoja. Wahamasishaji nimewasikiliza sana. Napata mzuka wiki moja, kisha narudi palepale. Mwanangu wa darasa la nne naye ameanza kusema amerithi kwangu. Kitaalamu, imani kama hii inaondokaje? Na ubongo wa umri wangu bado unashika?

JIBU: Marahaba mama. Nianze na ubongo, maana jibu lake ni fupi. Mwaka 2011 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 79 waliokuwa wakisomea udereva wa teksi, kazi inayodai kukariri mitaa ipatayo 25,000. Walifaulu 39, na picha za ubongo zikaonyesha kuwa kwao sehemu inayohusika na kumbukumbu ilikuwa imekua. Walioshindwa haikukua, na hao walikuwa wamejifunza saa pungufu kwa wiki kuliko waliofaulu. Unashika, basi, ila utadaiwa saa.

Kazi iko kwenye imani. Wahamasishaji huichukulia kama maneno mabaya yanayofutwa kwa maneno mazuri, wakati wewe uliipata kwa ushahidi: karatasi yenye F. Lakini F ni alama ya siku ile tu, kwenye mtihani ambao kwa miaka mingi umewaangusha zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi hii. Wewe ukaisoma kama cheti cha kuzaliwa.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alitaja mambo manne yanayomfanya mtu aamini kuwa jambo analiweza: kulifanya mwenyewe likafanikiwa, kumwona mwenzake wa hali yake akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna anavyousoma mwili wake. La kwanza ndilo zito kuliko yote. Mzuka wako wa wiki moja unatoka kwenye la tatu.

Sasa turudi dukani kwako. Mteja ana chumba cha mita 4 kwa 3, anataka marumaru za sentimita 40 kwa 40. Unamwambia 75, aongeze asilimia kumi ya kukata na kuvunjika, achukue 83. Hapo umegawa 12 kwa 0.16, pengine huku simu iko sikioni. Jambo hilohilo likiandikwa "tafuta eneo la mstatili" unaliruka!

Anzia hapo. Kila siku dakika 25, maswali manane: sita unayoyaweza, mawili yanayokuzidi kidogo. Moyo ukienda mbio usingoje utulie, anza na swali la bei. Utatulia ukiwa njiani. Ukikosea usifute. Andika pembeni hatua ilipokatikia: "nimesahau alama ya hasi", "nimejumlisha asili za sehemu". Baada ya wiki tatu hesabu makosa yako. Kwa watu wazima ninaowafundisha huwa ni ya aina tatu au nne tu, mengi ya shule ya msingi. Mtu aliyekuja akisema hesabu haziwezi huanza kusema sehemu zinamsumbua, na hilo lina mwalimu.

Kuhusu "mtazamo wa kukua" wa mwanasaikolojia Carol Dweck, yaani imani kwamba uwezo huongezeka kwa juhudi, usitarajie muujiza. Utafiti wa mwaka 2019 kwa wanafunzi zaidi ya 12,000 Marekani ulionyesha kuwa somo fupi la mtazamo huo liliwapandisha waliokuwa nyuma kwa takriban 0.1 kwenye wastani wa alama ambao kilele chake ni takriban 4. Si haba, lakini hesabu za logi (logarithm) hazijifundishi, tafuta tuisheni.

Mwanao usimsifu kwa "una akili". Mwaka 1998 Dweck na mwenzake Claudia Mueller waliona kuwa watoto waliosifiwa akili, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa juhudi. Muulize amefikaje kwenye jibu, hata likiwa sahihi. Kisha mpe ukurasa wako wenye makosa akutafutie ulipoteleza. Darasa la nne wanajua kuzidisha, atakukamata.