Je, kuku mbichi aoshwe kwa limau?

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Tanga. Mama mkwe wangu alinifundisha kumwosha kuku kwa maji matatu na limau kabla ya kumpika, nami nimefanya hivyo miaka yote. Binti yangu, aliyerudi likizo kutoka chuoni, ananikataza, akisema kwamba kumwosha ndiko kunakoeneza vijidudu. Je, hata kuku tunayemchinja wenyewe asioshwe?

JIBU: Mama, binti yako amesema kweli kuhusu kuku wa dukani, na mama mkwe wako naye hakukosea kuhusu kuku wa uani. Kuku wa kienyeji aliyechinjwa nyumbani, akatumbukizwa katika maji ya moto, akanyonyolewa, akababuliwa na kupasuliwa, hubaki na damu, masizi na pengine uchafu wa utumbo, hivyo hawezi kwenda chunguni bila kuoshwa. Kuku wa kisasa anayenunuliwa akiwa amekwisha kutolewa matumbo hana haja hiyo. Akiwa na majimaji, mfute kwa karatasi ya jikoni, kisha uitupe.

Sababu ni bakteria, hasa kampilobakta na salmonela, ambao huishi katika utumbo wa kuku bila kumdhuru mwenyewe, na ambao hawaonekani wala hawana harufu. Maji ya bomba yanapompiga kuku hurusha matone madogo hadi kwenye vyombo safi, kitambaa na chakula kilicho karibu. Limau huondoa harufu, lakini ukali wake hautoshi kuwaua. Kinachowaua ni moto: nyama ikifika nyuzijoto 74 za Selsiasi katika sehemu yake nene zaidi, imeiva kwa usalama. Asiye na kipimajoto apasue kwenye kiungo cha paja na kuhakikisha kwamba hakuna uwekundu karibu na mfupa, maana kuku wa kuchoma mara nyingi huungua nje angali mbichi ndani.

Kuku wa uani muoshe nje, mbali na vyombo, ndani ya beseni lenye maji yaliyotulia, wala si chini ya bomba. Maji hayo yamwage taratibu, beseni ulisugue kwa sabuni na maji ya moto, kisha unawe mikono kwa sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20.

Hata hivyo, mimi naogopa kibao kuliko beseni. Kuku akiiva sawasawa, bakteria wake wamekufa. Lakini kachumbari iliyokatwakatwa kwa kisu kilekile na juu ya kibao kilekile haipiti motoni hata kidogo, nayo huliwa na kila mtu mezani. Kata kachumbari kwanza, kuku baadaye, au uwe na vibao viwili. Vilevile viungo alivyolowekwa kuku mbichi visipakwe juu ya kuku aliyekwisha kuiva. Kwa kuwa ugonjwa wa kampilobakta kwa kawaida hujitokeza siku 2 hadi 5 baada ya kula, familia nyingi hulaumu mlo wa jana yake na kuendelea na kosa lilelile. Mtoto mdogo, mjamzito au mzee akiharisha pamoja na homa, na mtu yeyote akiona damu katika choo, afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Limau la mama mkwe wako libaki jikoni. Mkamulie kuku pamoja na kitunguu saumu na tangawizi, mfunike vizuri, umweke kwenye rafu ya chini kabisa ya friji ili majimaji yake yasidondokee chakula kingine, na akae humo mpaka saa ya kumpika.