Masomo, makongamano na chama: kipi kipunguzwe?

Ndugu, umeuliza uache nini kati ya masomo ya uzamili, makongamano mawili muhula huu na ukatibu wa chama cha wanafunzi wanaofundisha. Mimi ningepunguza kongamano moja tu. Nenda kwenye lile ambalo ikisiri yako, yaani muhtasari wa mada utakayowasilisha, imeshakubaliwa. Lile unalokwenda kusikiliza tu lingoje mwaka ujao.

Waandikie walimu wako sasa, kabla hujakata tiketi, utaje tarehe hasa na kazi utakazowasilisha mapema. Mwalimu aliyearifiwa wiki sita kabla huelewa kuliko anayekuta kiti kitupu. Halafu kuna fedha: idara nyingi hurudisha gharama baada ya safari, tena kwa stakabadhi, kwa hiyo ulizia masurufu, yaani fedha za safari zinazotolewa kabla, mapema usije ukasafiri kwa deni. (Mimi nilingoja miezi mitatu, na kodi ya nyumba haikuningoja.)

Chama nacho kisikutegemee wewe peke yako. Tafuta katibu msaidizi, mwachie kumbukumbu za vikao wiki za mitihani. Majadiliano ya mkataba wa kazi na chuo yakianza, hapo usikose. Vikao vya kawaida wataviendesha bila wewe.