Ukuta una homa

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama nyumba ya kupunguza gharama za umeme ni anasa ya wenye pesa. Mimi swali linaloniuma ni lingine kidogo: kwanini sisi wa Dar tunajenga nyumba ambayo bila AC hailaliki, halafu tunashangaa LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, inakwisha haraka? Sola na taa za LED waongelee wengine, mimi naongelea ukuta.

Nilijenga Goba, nikahamia mwishoni mwa 2018. Nyumba ya kuficha bati, yani kuta zinapanda mpaka paa halionekani, kama wanavyojenga wengi siku hizi, haina upenu hata wa futi moja, dari ya jipsamu, madirisha makubwa ya alumini yale ya kusukuma, ambayo ukifungua unapata nusu tu ya dirisha maana kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Ramani nilirushiwa na jamaa kwenye WhatsApp, ilikuwa ya kiwanja kingine kabisa, fundi akaigeuza ili sebule iangalie barabara. Hapo kwenye kugeuza pashikeni, nitaparudia.

Februari 2019 mama akaja kutoka Pangani kuona nyumba ya mwanae. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Chumba chake nilikiandaa mwenyewe, kitanda kipya, shuka mpya, pangaboi. Tukala, tukapiga stori, saa nne akaingia kulala. Saa sita hivi nikasikia mlango. Natoka, namkuta kwenye korido katandika kanga juu ya marumaru, kalala. Nikamwambia mama vipi tena, akasema njoo. Akanishika mkono mpaka chumbani, akakibandika kiganja changu ukutani pale kichwani kwa kitanda, akakishikilia. "Mwanangu, ukuta huu una homa." Saa sita usiku, jua limezama tangu magharibi, na ukuta una joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Pangaboi nililiweka namba tano na kazi yake ilikuwa kutupulizia hewa ileile ya moto usoni, mama akalizima. Basi tukakaa korido mpaka adhana ya alfajiri, ananisimulia nyumba ya babu, ya udongo, upenu umeshuka mpaka mtu mzima anainama kuingia, baraza mbele, na vyumba babu alivigawa baada ya kuangalia upepo wa kusi unaingilia wapi na wa kaskazi unapigia wapi. Asubuhi wakati wa chai akaniuliza, "Huyo aliyekuchorea, alikuja kuliona jua?" Sikuwa na jibu. Alikuwa amepanga kukaa mwezi, akaondoka siku ya tatu, na mpaka leo nikikumbuka lile begi lake dogo pale mlangoni roho inaniuma.

Wiki hiyohiyo nikafunga AC kwenye kile chumba, nikahamia mimi na mke wangu. Kabla ya hapo friji, TV na feni havikunivusha uniti 75 kwa mwezi, ile tarifu ya bei ya chini ya wanaotumia umeme kidogo. AC ya BTU 12,000, isiyo ya inveta ile inayojipunguza yenyewe chumba kikipoa, inakula kama uniti moja kwa saa ikinguruma bila kupumzika, na chumba kile haipumziki, kwasababu tofali la saruji limekunywa jua mchana kutwa na usiku ndo linalitema ndani. Yani nilikuwa nanunua tokeni za kupoza tofali.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema watu waache kuficha bati, basi. Lakini nikifikiria vizuri, chumba kile kiko magharibi. Jua la saa kumi na moja linakuja limelala, linapita chini ya upenu wowote, hata ningetokeza bati futi tatu ukuta ule ungepigwa tu. Upenu unaokoa kuta za kaskazini na kusini ambako jua linapita juu. Magharibi dawa yake ni mti, au varanda ya maana, au kuweka stoo na jiko huko badala ya vitanda. Na ramani ile isingegeuzwa, stoo na jiko ndo vingeangukia huko! Tuligeuza ili wapita njia waone sebule. Kuiacha ilivyo kusingeniongezea hata shilingi, sasa anasa iko wapi hapo?

2021 nikapandisha pasheni kwenye waya, futi mbili kutoka ukutani. Rangi ya kijivu iliyokolea nikaifuta kwa nyeupe. Fundi akatoboa matundu kwenye ule ukuta unaoficha bati ili joto la darini litoke, akaweka na wavu wa kuzuia popo. Vyote havikufika bei ya AC yenyewe. Pasheni ilipofunga, Februari iliyofuata nilikuwa naamka usiku kuushika ule ukuta, vuguvugu tu.

AC sijaitoa lakini, niseme ukweli. Jirani kapandisha ghorofa upande wa kusi, upepo umekufa, na mama siku hizi ana presha. Akija naiwasha masaa mawili ya mwanzo, naizima, analala mpaka asubuhi. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 kilichobanwa na kuta pande zote siwezi kumwambia ategemee upepo, nitakuwa namdanganya. Na watu wa Njombe kwenye baridi msinifuate kabisa, nyie mwezi wa saba jua la jioni ukutani mnalihitaji.

Mkinibana, ningejenga tena ya kuficha bati, mke wangu anaipenda na mimi naipenda. Ila kabla fundi hajapiga kamba ningempigia mama simu aje, tukasimame kiwanjani saa kumi jioni.