Watoto wanne, mkeka mmoja: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu kusomesha dini nyumbani

Waalaykum salaam dada'ngu. Umeuliza kama unaweza kuwatoa wanao wote wanne shule ukawasomesha mwenyewe nyumbani kwa vile vitabu vya dini vya wazee wetu, na utawamudu vipi ilhali umri wao haulingani. Mimi niko Mikindani, Mtwara, wangu ni wanne vilevile. Mkubwa ana miaka 15, kitinda mimba 5.

La kuwatoa shule lisahau. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe na ahudhurie, na anayeshtakiwa ni mzazi. Mimi nilijifanya mjuaji, nikachelewa kumwandikisha wa pili ili kwanza amalize Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Qurani. Mtendaji akanijia mlangoni, daftari kwapani, majirani wote macho. Wiki ileile mtoto akavaa sare. Wala hupotezi kitu, maana kidato cha nne kuna mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu na wa Kiarabu, jasho la mkekani linalipwa huko.

Sasa hilo la umri, hapo ndipo nilipoumia. Nilianza kwa kuwagawa, kila mtoto na saa yake, ratiba nimebandika ukutani. Mwezi haukuisha, sauti imenikauka na wali unaungua jikoni. Marehemu baba, aliyesomesha chuo cha Qurani barazani kwake miaka na miaka, alicheka. Akaniuliza, "Wewe alifu kijiti alikufundisha nani? Mimi?" Kweli, si yeye. Alinifundisha binti wa jirani aliyekuwa ameshafika Yaasini. Baba kazi yake ilikuwa kusikiliza na kurudi nyuma panapokosewa. Basi nikaichana ratiba. Mkubwa anasoma kwangu, wa pili kwa mkubwa, wa tatu kwa wa pili, na mimi nachambua dagaa huku sikio liko mkekani. Kitinda mimba hajafundishwa na mtu Safina, kile kitabu kidogo cha hukumu za ibada, lakini nguzo sita za udhu anazitaja zote kwa kuzisikia tu.

Vitabu si vingi. Irabu kwanza, ba fataha ba, ba kisra bi, hadi ulimi ulainike, kisha Juzuu Amma kuanzia mwisho, kutoka sura ya Nasi kupanda juu. Ndipo Safina, kwa sababu ni fupi na mtoto anaitumia siku hiyohiyo kwenye sala yake. Mwandishi wake alikuwa Mhadhrami, mtu wa Hadhramaut, Yemen. Usishangae nakala nyingine zikiishia kwenye zaka bila funga. Mlango wa funga aliuongeza mwanachuoni mwingine baadaye. Kisha Arobaini ya Nawawi, yaani hadithi za Mtume alizozikusanya Imamu Nawawi. Huyo wa tatu alizihesabu kwa vidole, akaja mbio: "Mama, mbona ni 42?" Nilicheka mpaka machozi. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuzihesabu.

Ajurumia usiiharakishe. Hiyo ni nahau ya Kiarabu, na mimi nilimtwisha mkubwa akiwa na miaka 9. Alikariri kama kasuku, kisha akaanza kuumwa tumbo kila ikifika saa kumi jioni. Nikaiweka kabatini miaka mitatu. Tuliporudi, sikuanza na kitabu, nilianza na maneno anayoyasema kila siku: kitabu, katibu, maktaba. Nikamuuliza yanafanana nini. Alipoziona zile herufi tatu zinajirudia alikwenda mwenyewe kutafuta mengine, akaniletea darasa, madrasa na mudarisi. Jioni hiyo tumbo halikuuma.

Hifdhi mpya, yaani kuhifadhi aya mpya kwa moyo, ni baada ya alfajiri, nusu saa, kabla ya shule. Kudurusu ni wakati wowote mikono ikiwa na kazi. Msimu wa korosho tukienda shambani kwa mama mkwe Tandahimba, wanaokota huku wanapokezana aya, na anayekosea anabeba ndoo. Hapo hawasahau. Wanaposahau ni jandoni. Wa tatu alikaa kumbini likizo ya Desemba, akarudi anazijua nyimbo zote na nusu ya sura ya Tabaraka imeyeyuka. Sikumgombeza, jando nalo lina masomo yake, ila tulianza upya kurasa mbili nzima.

Ukichoka, usiwape adhabu ya kusoma zaidi. Nililifanya hilo mara moja, nikaona mtoto anauchukia msahafu kwa hasira zangu mimi. Na mapumziko yawe yaleyale ya chuo: kwangu Alhamisi mchana mkeka unakunjwa, haukunjuliwi mpaka Jumamosi. Wakitoka shule wanakwenda pwani kuokota chaza, wanarudi na mchanga hadi masikioni, na wa kufua ni mimi.