Nimeambiwa Nisiguse Breki ya Mbele

Swali: Mwalimu, niliacha kuendesha pikipiki mwaka 2014 nilipopata gari. Sasa foleni za Barabara ya Mombasa zimenichosha, na nimepata pikipiki ya mtumba ya cc 150 ambayo muuzaji ananingojea. Fundi mmoja ameniambia kwamba mwili hausahau, na kwamba nitakuwa salama mradi nisiguse breki ya mbele. Nianzie wapi? – Msomaji, Imara Daima, Nairobi

Jibu: Ndugu msomaji, fundi wako amekuambia mambo mawili. La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili nalisikia karibu kila wiki katika kazi hii ya kufundisha uendeshaji, na bado sijalizoea.

Ni kweli kwamba mwili hausahau kusawazisha pikipiki. Utaachia klachi, utabadilisha gia, na kabla ya kumaliza mzunguko wa pili utakuwa unatabasamu. Kinachopotea ni kile ambacho hata zamani ulikifanya kwa nadra, yaani kusimama ghafla. Tena hakikupotea tu, bali kimefunikwa na mazoea mapya, kwa kuwa miaka yote hii umekuwa ukisimamisha gari kwa mguu wa kulia. Siku matatu itakapokukatia mbele ili kuchukua abiria, mguu huohuo ndio utakaowahi: utakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zako zote, gurudumu la nyuma litajifunga na kupepesuka huku na huku, na pikipiki itazidi kuteleza kuelekea kule usikotaka.

Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake na wako huhamia mbele. Tairi la mbele hugandamizwa kwenye lami na kushika zaidi, ilhali la nyuma hupungukiwa na uzito, hivyo kadiri unavyolikanyagia ndivyo linavyokosa pa kushika. Kwenye lami kavu, breki ya mbele hufanya takriban asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha pikipiki, na katika dharura hufanya zaidi ya hapo. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na sekunde nzima inaweza kuisha kabla hujagusa breki yoyote. Katika umbali mdogo unaobaki, fundi wako anataka utumie breki iliyo dhaifu peke yake.

Wanaoapa kwamba breki ya mbele iliwatupa hawasemi uongo, ila hawasemi waliishikaje. Ukiinyakua kwa mkupuo kabla uzito haujahamia mbele, au ukiwa katikati ya kona, au juu ya changarawe, gurudumu hujifunga na utaanguka. Breki hii hukamuliwa kama chungwa: unaanza taratibu hadi uhisi foki, yaani mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, zikibonyea, kisha unaongeza nguvu, huku mguu ukigusa breki ya nyuma kwa wepesi na macho yakitazama mbali. Niliwahi kumfundisha mzee mmoja aliyerudi baada ya miaka kumi na miwili, na siku ya kwanza vidole vyake vilielea juu ya mkono wa breki bila kuugusa, kama vya mtu anayehofia sufuria iliyotoka jikoni. Tulichora mstari wa chaki kwenye uwanja wa kuegeshea magari, Jumapili asubuhi kukiwa kweupe. Aliurudia kwa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40, na ilichukua Jumapili tatu mkono wake kuutangulia mguu. Anzia hapo nawe, bila abiria, na mvua ikinyesha ahirisha.

Mengine ni mafupi. Hakikisha kwamba daraja la pikipiki bado limo kwenye leseni yako. Helmeti ya mwaka 2014 usiivae tena. Soma tarakimu 4 za mwisho za msimbo wa DOT kwenye ubavu wa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa kwake: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na tairi la umri huo hata likiwa na meno yote limekauka. Nairobi Expressway, ile barabara iliyoinuliwa juu ya Barabara ya Mombasa, hairuhusu pikipiki, kwa hiyo mazoea yako ya kupita juu kwa gari yaache huko juu.

Linalonikera zaidi si fundi wako peke yake. Nimekagua pikipiki ambazo waya wa breki ya mbele ulilegezwa kwa makusudi, eti kumkinga mwenyewe, kisha pikipiki ikauzwa kwa mtu mwingine asiyejua. Wapo pia wanaouza kozi za kurudia za saa moja, ambamo mwanafunzi huzungushwa kwa gia ya pili na kupewa cheti bila kusimama ghafla hata mara moja. Anayerudi barabarani na cheti hicho yumo hatarini kuliko aliyebaki na woga wake, maana mwenye woga walau huenda polepole.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa muuzaji wako, simama kando ya pikipiki injini ikiwa imezimwa, isukume mbele kwa mwendo wa kutembea, kisha ubane breki ya mbele peke yake. Foki zinapaswa kubonyea na gurudumu kusimama. Gurudumu likiendelea kuzunguka, mwambie aitengeneze mbele yako kwa fundi mwingine, na akikataa, ondoka na pesa zako.